Tumbo Ambalo Baba Yako Hakuliulizia

Kaltum mwanangu,

Umetoka hivi punde na mama yako mdogo Zamzam kwenda sokoni Owino kutafuta sweta, kwa sababu watu wamekutisha kwamba Nairobi kuna baridi. Mimi namjua mdogo wangu. Akishaingia Owino hatoki mpaka agombane na nusu ya wauzaji na kupatana na nusu nyingine, kwa hiyo nina muda. Nimefunika cherehani, nimefunga mlango wa mbele ili wale wa yunifomu za shule wafikiri sipo, na nimekaa mezani na kalamu yako. Mwandiko uvumilie. Mkono wangu umezoea mkasi.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Una akili zako na una digrii yako, na ukiugua utajua umeze nini kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo mimi na wewe tumelizunguka mwezi mzima kama watu wanaozunguka dimbwi la maji njiani. Kesho jioni unapanda basi, na sitaki upande nalo.

Jambo lenyewe ni baba yako. Najua ndiye atakayekupokea.

Uliniambia gari la maabara unakokwenda kufanya kazi litakuja kukuchukua kituoni. Mwanangu, wewe hujui kudanganya. Tangu mdogo ukidanganya unaongea haraka, na siku ile uliongea kama redio. Halafu kuna zile simu unazokwenda kuzungumzia nyuma ya tangi la maji. Huko nyuma Kiswahili chako kinabadilika. Humu ndani unasema kama sisi watu wa Kibuli hapa Kampala, na kule unaanza, "Eeh, niko poa baba, usijali, nitafika tu." Kiswahili hicho nakijua. Nilikaa nacho ndani ya nyumba hii. Siku ya kwanza nilipokisikia kupitia dirisha la jikoni, vitunguu viliungua kwenye sufuria na wewe ukaja kuniuliza kama nimelala.

Pengine ulidhani nikijua nitakasirika. Sikukasirika, Kaltum. Nilikuonea wivu. Wewe unamsikia anavyocheka, na mimi nasimama na mwiko nikijaribu kukisia kutokana na majibu yako yeye amesema nini.

Ngoja nikueleze habari hii yote tangu mwanzo, maana umeipata vipande vipande, na vingi ulivipata kwa Zamzam ambaye hawezi kusimulia kitu bila kukiongezea chumvi.

Vita vya hapa kwetu vilipokwisha na barabara ikafunguka, malori ya Kenya yalirudi kwa wingi. Baba yako Idi alikuwa dereva, kijana wa Mumias, akitoka Mombasa kwenda mpaka Kigali na Kongo. Alikuja dukani kwa baba yangu kushonewa suruali iliyochanika, akarudi tena na suruali ambayo haikuchanika. Wazee wangu hawakupenda mgeni, lakini alikuwa Mwislamu, hakuwa mlevi, na alijua kuwasalimia watu wazima. Tukaoana. Maisha ya mke wa dereva ni kusikiliza honi. Alikuwa akifika chini ya kilima anapiga honi fupi fupi, na wewe ulipopata miguu ukawa unashuka mbio kabla mimi sijafunga kitambaa kichwani.

Mwaka ule ulikuwa darasa la pili. Njia ya Kongo ilifungwa kwa sababu ya vita vyao, malori yakakwama ng'ambo, na simu hatukuwa nazo. Alikaa huko muda mrefu sana. Zingatia hapo: muda mrefu kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kusema mimba yoyote iliyokuwa ikichipuka Kibuli ni yake.

Na tumbo langu likaanza kuvimba.

Kabla ya tumbo ilikuwa homa ya jioni na jasho. Mashavu yakaingia ndani, mikono ikawa kama vijiti, nikasema ni mawazo. Halafu kila nguo ikanibana kiunoni. Siku zangu nazo zikakatika. Nilijua mwenyewe kwamba hakuna mwanaume aliyenigusa, Kaltum, nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado kuna asubuhi niliamka nikahesabu miezi kwa vidole. Ugonjwa usio na jina unaweza kukufanya ujishuku mwenyewe.

Unajua desturi yetu Wanubi. Mimba haitajwi. Mwanamke akionekana tumbo, watu wanampa nafasi ya kukaa, wanampokea ndoo ya maji, basi. Kumuuliza ni kama kumtakia mabaya. Mimi nilijifunga gurbaba, ile nguo yetu pana ya kiunoni, nikaifunga juu zaidi kila wiki, na kila mtu akaona hivyo ndivyo mjamzito mwenye heshima anavyofanya. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wote walinistahi.

Aliyevuka mpaka ni Nalongo, jirani yetu mama wa mapacha, kwa sababu yeye ni Mganda na kwao mambo ni mengine. Alikuja na emumbwa, vile vijiti vya udongo uliochanganywa na majani ya dawa ambavyo wanawake wao huwasugulia wajawazito na kuwanywesha. Akaniwekea mapajani.

"Mama Kaltum, hii ya mutoto. Sugua kwa maji kidogo, kunywa kila siku. Mutoto atatoka nzuli."

"Nalongo, mimi..."

"Nyabo, usione haya. Mume atarudi tu. Wewe kunywa."

Aliniona mwenye haya kwa sababu ya mume kutokuwepo, na akaamua kunipenda hivyo hivyo. Ningekataaje? Kukataa emumbwa ni kusema sina mimba. Nikishasema hivyo, swali linalofuata ni hilo tumbo basi ni la nini, na jibu sikuwa nalo. Nayo ilikuwa miaka ile ambayo kila nyumba ilikuwa inazika watu waliokonda. Nililiogopa jina la ugonjwa ule kuliko umbea. Nikashukuru, nikaviweka vijiti dirishani. Wiki iliyofuata akaleta vingine, na mwenzake naye akaleta vyake. Nikawa mjamzito wa mtaa mzima.

Hivyo ndivyo baba yako alivyonikuta.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Honi ililia chini, ukashuka, ukarudi umekaa mabegani mwake. Aliinama ili usigonge kichwa mlangoni, na alipoinua uso aliniona. Aliniangalia tumboni. Halafu akaangalia dirishani. Alikuwa amekaa Kampala miaka ya kutosha kujua vile vijiti ni vya nini. Akakushusha taratibu, akaweka chini kitenge alichoniletea kutoka Kongo, akasema, "Hamjambo hapa?"

Nikasema, "Hatujambo."

Ndiyo mazungumzo yetu yote, mwanangu. Ningeweza kusema, "Idi, mimi ni mgonjwa, na sijui naumwa nini." Maneno hayo yanatoka kwa pumzi moja. Lakini nilikaa kimya nikimngoja aulize. Na nilimngoja aulize ili nipate kuudhika kwamba ameuliza. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu kali, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Yeye hakuuliza. Alikula, akaosha lori, akalala huko huko kwenye lori, na asubuhi akaondoka. Ulimfuata mbio mpaka barabarani ukarudi na kiatu kimoja. Ukaniuliza baba ameenda wapi, nikasema kazini. Nilisema kazini kwa miaka.

Hospitali nilipelekwa na Zamzam kwa nguvu, nusu akinivuta nusu akinitukana. Walipima mkojo, hakuna mimba. Wakanipitishia ile mashine ya picha tumboni, wakaona maji matupu. Wakatoa maji kwa sindano, yakajaa tena. Wakapima makohozi, safi. Wakapiga picha ya kifua, safi. Daktari mmoja alimvuta Zamzam pembeni akamwambia ni kansa ya kizazi, na Zamzam akarudi amevaa tabasamu la uongo kiasi kwamba nilijua palepale kwamba nakufa. Wakasema lazima wapasue waone.

Walipopasua walikuta utando wote wa ndani umejaa vipunje kama mtama. Wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa. Siku majibu yalipotoka daktari alikuja kitandani karibu anakimbia.

"Mama, bahati yako. Si kansa. Ni kifua kikuu."

"Daktari, kifua kipo huku juu. Hapa ni tumboni."

Akacheka mpaka muuguzi akageuka. Akasema ugonjwa huo unaingia popote unapotaka, na ukiingia tumboni unajifanya kila kitu isipokuwa wenyewe. Nikaanza vidonge. Mkojo ukawa mwekundu, nikapiga kelele nikidhani ni damu, kumbe ni dawa. Homa ikaondoka, chakula kikaanza kuwa na ladha, tumbo likashuka kidogo kidogo.

Na hapo mtaa ukaja kuhani. Nalongo aliniona nimerudi sina tumbo wala mtoto, akakaa chini palepale mlangoni akalia. Wanawake wetu nao wakaja na sukari na majani ya chai, wakakaa kimya kwenye mkeka, maana hilo nalo halitajwi. Walinipa pole ya mtoto ambaye hakuwepo. Nikazipokea, Kaltum. Nililia nao kwa kweli, wakazidi kunihurumia, na hakuna aliyejua kwamba namlilia Idi.

Zamzam alitaka kwenda mpakani Malaba. Alisema madereva wote wanamjua Idi, atawaeleza majibu ya daktari na wiki haitapita atakuwa amerudi. Nikamkataza. Nikamwambia sitaki mume anirudie kwa sababu daktari amemwambia mimi ni mwanamke mwema. Kama hakunijua kwa miaka yote ile, karatasi ya hospitali isije ikanioa upya. Nilijiona nimesema neno kubwa sana. Zamzam alinitii, na ndiyo mara pekee katika maisha yake. Alipoamua kuniasi na kwenda kumtafuta, Idi alikuwa ameshaoa Nairobi. Zamzam alipomweleza, Idi alimtuma dereva mwenzake kuja kuniomba msamaha. Nilimpa yule dereva chai, nikamuuliza habari za watoto wake, nikamwacha aende bila jibu.

Basi nilikaa na haki yangu. Nilikuwa na haki kabisa, na ilikuwa baridi kitandani.

Sasa nije kwenye kazi yako, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwezi uliopita ulikaa jikoni ukichambua mchele ukanieleza unakwenda kufanya nini. Ukasema mnatafuta protini. Nikakuuliza, "Protini si ile ya maharagwe na mayai?" Ulicheka mpaka mchele ukamwagika. Ukaniambia damu ya mtu ina vitu hivyo maelfu, na ugonjwa ukiingia tumboni vingine vinaongezeka, vingine vinapungua. Kwamba mtachukua damu na yale maji ya tumboni ya watu wenye ugonjwa niliokuwa nao, na ya wenye kansa, na ya wenye ini bovu, mlinganishe, mtafute alama zinazojitokeza kwa hawa na si kwa wale. Mkizipata, mwanamke kama mimi atachomwa sindano tu badala ya kupasuliwa.

Nikauliza, "Na kama alama inaongezeka kwa huyu na kwa wa kansa pia?"

Ukasema, "Hapo ndipo kazi ilipo, mama. Alama moja inadanganya. Unaweza kuona hata tatu zinakubaliana, na zote zinakupeleka pabaya. Kila tukidhani tumepata, tukiongeza wagonjwa wengine, inaanguka."

Ulisema ukaendelea na mchele wako. Mimi niliinuka nikaenda uani nikajifanya naanua nguo. Maana nilimwona Idi amesimama pale mlangoni. Aliona tumbo. Aliona emumbwa dirishani. Alijua amekaa Kongo muda gani. Alama tatu, zote zinakubaliana. Madaktari wenye mashine zao waliniangalia wakasema kansa, na sikuwahi kuwakasirikia hata siku moja. Nilipona, nikawapelekea kuku. Mtu wa lori nilimtaka ajue kwa macho kitu ambacho hospitali nzima haikukijua mpaka iliponipasua. Zaidi ya miaka ishirini nimesema hakuniuliza. Ni kweli hakuuliza, na alikosea, hilo silifuti. Lakini mimi nilikuwa na mdomo.

Kwa hiyo usiende Nairobi kulilipia kisasi tumbo langu. Nakuona unavyosoma, unavyokaza uso, na nahisi mara nyingine unapigana na mtu. Ukifanya kazi kwa hasira utaipenda alama ya kwanza itakayokupendeza, kama mimi nilivyolipenda lile neno langu kubwa. Zamzam anasema wewe ni mkaidi kama mimi. Mimi nasema unafanana na Idi unapotafuta kitu kilichopotea: unarudi ulikopita, unaangalia tena, hulaumu mtu. Nenda na tabia hiyo ya kwake.

Sasa niseme lililo gumu. Naogopa utampenda. Naogopa utafika, utaona ana mvi na anatembea polepole, atakubebea begi, mkewe atakupikia, watoto wake watakuita dada, na utakaa pale mezani ukajisikia umefika nyumbani. Nimelala na mawazo hayo wiki nzima. Na wakati huohuo nataka hayo yote yatokee. Nataka akuone. Nataka akuangalie unavyoshika kijiko kwa mkono wa kushoto kama yeye, ashindwe kumeza. Ulitoka mbio na kiatu kimoja, mwanangu, na mimi ndiye niliyekurudisha ndani nikafunga mlango. Kamalizie safari yako.

Usinidanganye tena kwa ajili ya kunilinda. Ukitaka kukaa kwake mwisho wa wiki, niambie. Ukigombana naye, niambie. Nitaumia, halafu nitashona yunifomu, halafu nitataka kujua zaidi. Hapa ndani ukishaondoka kutakuwa kimya sana. Tayari leo nimekuita kutoka jikoni nikasahau kwamba umetoka. Nitakukosa asubuhi unapotafuta funguo ukiwa umezishika. Nitakukosa ukinisahihisha. Nalisema sasa hivi kwa sababu nimeona linavyokuwa usiposema.

Radhi yangu unayo, nzima, haina kiraka.

Nawasikia mnapandisha kilima, Zamzam anaongea kwa sauti ambayo mtaa wote unajua bei ya sweta lako. Nitaiweka barua hii ndani ya begi lako la mkononi, chini ya sweta, na kesho tutaagana tukizungumzia chakula cha njiani kama watu wote. Utaisoma basi likishaondoka.

Ukifika, atakuuliza habari zangu. Atauliza akiangalia pembeni, kwa sababu ndivyo alivyo. Usimjibu. Usinisemee neno lolote, hata zuri. Piga namba yangu, mpe simu mkononi, halafu nenda kajinunulie chai.

Nitapokea.

Mama yako,
Hadija